Vidole Vinne

Nilifika yadi ya Kinondoni na tepu shingoni,
nilisahau kuivua nilipotoka kwenye cherehani.
Dalali Mwinshehe akacheka: "Fundi, gari halishonwi."
Nikamjibu: halishonwi, lakini linavaliwa.

Nina futi sita na inchi nne.
Suruali zangu za shule, mama aliziachia pindo la kiganja kizima,
kila muhula akafumua mkunjo mmoja,
hadi nikamaliza la saba na mistari ya kaki iliyokoza
kuzunguka vifundo, kama miaka ya mti.
Gari halina pindo.
Ukinunua fupi, umenunua fupi.

Akaanza na Vitz, jeupe, namba E.
"Lita moja, kilomita kumi na nane,
ukiwa na mguu wa adabu," akaapa.
Mguu wangu una adabu. Tatizo ni urefu wake.
Niliingia matako kwanza, kichwa nikakiita baadaye;
goti la kulia likashika usukani,
la kushoto likawasha redio.
"Utazoea," akasema.

Neno hilo.
Niliambiwa kwenye madawati ya Lushoto,
niliambiwa bwenini, nyayo nje ya chandarua, mbu wakijilia,
nikaambiwa na mwenye nyumba wa Manzese
ambaye mlango wake ulinipa hili kovu juu ya nyusi.
Nimezoea mengi.
Sitoi milioni kumi nikazoee tena.

"Basi mtu mrefu, gari refu!"
Akanipandisha Prado, nikakaa kama sultani,
nikaona mapaa ya Kinondoni na nguo zilizoanikwa.
Linakunywaje? Mwinshehe akatazama viatu vyake.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya vifungo:
Magomeni hadi Mbagala, mafurushi ya sare, mara tatu kwa wiki,
na foleni ya Tazara, pale injini inapokula bila kutembea.
Sketi mia na ishirini kila mwezi
za kulilisha gari, kabla hata mtoto hajapata uji.
Nikashuka usultanini taratibu,
nikishika mlango.

Ndipo nikavua tepu, nikaanza kuyapima kama wateja.
Kiti hadi paa. Kanyagio hadi mgongo.
Goti hadi ule mfuko wa funguo unaokwangua ngozi.
Watu wakaacha kupiga mateke matairi, wakanitazama mimi.
Bwana mmoja mnene akanivuta shati:
"Ukimaliza, nipimie tumbo na usukani."
Nikampimia. Hakurudi kwenye lile alilolipenda.

Kule pembeni, karibu na choo cha yadi,
lilisimama Raum, rangi ya chai iliyopoa,
umbo la sanduku la mkate, mlango wa kuteleza,
na stika ya Kijapani kiooni ambayo hakuna aliyejua inasema nini.
Nikaingia bila kujikunja.
Nikavuta kiti nyuma mpaka kikagoma.
Goti likabaki hewani, halikugusa kitu.
Kati ya utosi na paa: vidole vinne.

Nikanyamaza.
Sikuwa nimewahi kukaa mahali palipofungwa
bila shingo yangu kuomba radhi.
"Kumi na nne kwa lita," Mwinshehe akasema,
"kumi na tatu Tazara ikifunga. Sikudanganyi."
Nikaendelea kunyamaza.
Akadhani nabisha bei, akashusha laki tatu.
Nikaendelea kidogo.

Sikudhani, mke wangu, alipoliona mlangoni
akaweka ndoo chini: "Umetuletea friji lenye magurudumu."
Ila jioni ile alikaa mbele, akanyoosha miguu,
akavua kandambili.

Sasa ni mwezi wa tano. Sindano ya mafuta
inashuka polepole, kama mgeni asiyetaka kuaga.
Lakini kila tuta la Kigogo
shingo yangu inainama yenyewe,
na Sikudhani ananigusa bega:
"Hizza. Paa liko mbali."